Wimbo Unatulia Wapi? Namna ya Kuchambua Muziki wa Aina na Zama Mbalimbali

Nilipoanza kuchambua nyimbo nilikuwa na chombo kimoja tu mkononi: kordi, yaani sauti tatu au zaidi zikilia pamoja. Nilikulia kwaya, nilijua nota, nilijua sauti nne, na kila wimbo uliopita mbele yangu niliuandikia namba za Kirumi za kordi zake chini ya mstari. Siku moja, Unguja, nilimpelekea mzee mmoja mpiga udi ukurasa wangu wa wimbo wa taarab ya zamani. Pembeni nilikuwa nimeandika: "Kordi mbili tu. Wimbo mwepesi."

Mzee aliutazama ukurasa, akauweka mkekani, akachukua udi wake na kupiga sauti tatu zikipanda polepole.

"Mwanangu, hii ya tatu umeiandika wapi?"

"Hiyo ni mi, mzee wangu."

"Si mi hiyo. Isikilize tena."

Akaipiga mara tano. Haikuwa mi, wala haikuwa mi iliyoshushwa nusu. Ilikaa katikati ya hizo mbili, imetulia kama mtu aliye kwake, na utamu wote wa wimbo ulikuwa pale. Karatasi yangu haikuwa hata na mahali pa kuiandika.

Mwongozo huu umetokana na siku ile. Kila muziki una namna yake ya kumsubirisha msikilizaji, na namna yake ya kumfikisha. Namna hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza. Chombo cha uchambuzi huchaguliwa baadaye. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa utaratibu huo, na unaweza kuzifuata hata kama husomi nota, ilimradi unazijua sauti za solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti.

Hatua ya 1: Sikiliza mara tatu kabla ya kuandika

Tayarisha daftari, penseli, simu na spika za masikioni. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili tembea chumbani, uuachie mguu uamue unakanyaga wapi. Mara ya tatu imba kwa mdomo uliofumba, ukifuata sauti yoyote inayokuvuta, iwe ya mwimbaji, ya besi au ya gita. Ukiona unarudi kwenye besi kila mara, liandike hilo kabla ya jingine lolote. Sikio lako limeshakuonyesha pa kuanzia.

Kipande kikikushinda kwa kasi, YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo hadi 0.75 au 0.5 bila kuishusha sauti. Itumie bila aibu. Hata wapigaji wakubwa hujifunza polepole.

Hatua ya 2: Tafuta nyumbani

Nyumbani ni sauti ambayo wimbo ukiishia hapo mwili unaridhika. Jaribu sasa hivi. Imba "Mungu Ibariki Afrika" mpaka mstari wa mwisho wa ubeti wa kwanza, kisha ukate ghafla: "Tubariki watoto wa Afri..." Nyamaza hapo. Utahisi kitu kinakuvuta kifuani ukimalize. Silabi "ka" uliyoizuia ndiyo nyumbani, nayo ni do.

Tuni hiyo ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, kwa mtindo wa nyimbo za kanisa za sauti nne. Ndiyo maana kwaya yoyote ya Kigoma au Bukoba inaiimba bila taabu: imejengwa kwa mbao zilezile walizozizoea.

Sasa imba wimbo wa taifa wa Kenya na utafute nyumbani kwake. Utaona hautulii kwenye do, bali kwenye la. Wimbo huo, ulioanza kutumika uhuru ulipopatikana mwaka 1963, umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na rangi yake ya upole na uzito inatoka kwenye nyumba hiyo tofauti. Nyimbo mbili za taifa, nchi jirani, nyumba mbili. Ukishaisikia tofauti hiyo, umeshaanza kuchambua.

Hatua ya 3: Tafuta mguu, kisha tafuta kinachoukwepa

Mdundo una sehemu mbili. Kuna mapigo ya mguu, yaani yale unayoyakanyaga, na kuna mapigo yanayopita katikati yake. Watu wengi huhesabu ya kwanza na kuishia hapo, ilhali uhai uko kwenye mvutano wa hayo mawili.

Chukua mfano wa klave, mdundo wa vijiti viwili uliotoka Kuba na kurudi Afrika kwa santuri. Tangu mwaka 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilipoanza kutoka, muziki huo ulienea Kinshasa na Brazzaville, na huku kwetu ukaacha alama hadi kwenye jina la Cuban Marimba Band ya Salum Abdallah pale Morogoro. Hesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 16, taratibu na kwa usawa. Kanyaga mguu kwenye 1, 5, 9 na 13. Ukishauzoea, piga meza kwa kidole kwenye 1, 4, 7, 11 na 13.

Angalia kinachotokea. Kidole na mguu vinakutana kwenye 1. Kisha kidole kinamtangulia mguu kwenye 4, kinamchelewesha kwenye 7, kinamkwepa tena kwenye 11, halafu vinakutana kwenye 13 na kupumzika mpaka mzunguko uanze upya. Huko ndiko kusubiri na kufika, hapo mezani, wala hakuna sauti hata moja ya juu au chini iliyotumika. Kaa na zoezi hili siku mbili au tatu. Ukilishika, muziki wa dansi wa miaka ya 1950 hadi 1970 utakufungukia kwa namna ambayo hakuna maelezo yanayoweza kuifanya.

Na kama hujui pigo la kwanza liko wapi, usimwulize mpiga ngoma. Watazame wachezaji. Miguu yao huwa inajua.

Hatua ya 4: Chora ramani

Gawa ukurasa kwa mstari wa kulala, uandike dakika na sekunde kila kitu kinapobadilika: 0:00 magita yanaingia, 0:22 mwimbaji, 1:05 kiitikio, na kuendelea. Usiandike maoni, andika mabadiliko tu. Ramani nzuri ya wimbo wa dakika tano haizidi mistari kumi na mitano.

Hatua ya 5: Chagua chombo kinachofaa

Hapa ndipo pa kukaa. Hatua nne za kwanza ni za muziki wote, lakini kuanzia hapa kila muziki una swali lake.

*Kwaya za Ulaya na nyimbo za kanisa za sauti nne.* Swali ni: kordi ipi inavuta, na ipi inapokea? Mwaka 1722 Mfaransa Jean-Philippe Rameau alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa kuzifikiria kordi hizo kama familia zenye mzizi, na karne iliyofuata zikazoeleka kuandikwa kwa namba za Kirumi: I ni ya do, IV ni ya fa, V ni ya so. Mtunzi Mjerumani J. S. Bach alikuwa Leipzig kuanzia mwaka 1723, na nyimbo zake za kanisa za sauti nne, zilizokusanywa na kuchapishwa baada ya kifo chake, ni 371. Hakuna shule bora kuliko hiyo.

Fanya hivi na wanakwaya wenu. Wape besi so, tenori re, alto fa, soprano ti. Waimbe pamoja, kisha wote wanyamaze ila soprano, abaki ameishika ti peke yake. Subiri. Chumba kizima kitamtaka aende do. Rudia, safari hii abaki alto na fa yake, nayo itataka kushuka mi. Mivuto hiyo miwili, ti kupanda na fa kushuka, ndiyo injini ya muziki wa Ulaya kwa takriban miaka mia tatu. Unapochambua wimbo wa Bach, weka alama kila mwisho wa mstari, pale penye ishara ya kupumzika, na uulize: hapa tumefika nyumbani, au tumefika barazani tu? Barazani ni kwenye kordi ya V. Wimbo unakaribia, unabisha hodi, lakini hauingii.

*Muziki wa kanisa wa zama za kati.* Hapa ziache kordi kabisa, kwa kuwa nyimbo nyingi za zama hizo ni tuni moja inayoimbwa na wote. Tafuta sauti mbili: ile ya kumalizia, na ile ambayo maneno mengi yanasomewa juu yake. Katika modi (ngazi ya sauti) ya kwanza kati ya nane za kanisa, ya kumalizia ni re na ya kusomea ni la. Mvutano wote uko kwenye safari kati ya hizo mbili.

*Taarab.* Nilipoteza miaka kwa kuanza na kordi. Anza na makamu, yaani ngazi ya sauti pamoja na desturi zake za kupanda, kukaa na kushuka. Makamu ya Rast ina ile sauti ya tatu iliyonishinda, iliyo kati ya mi na mi iliyoshushwa. Hijazi inajulikana kwa pengo pana kati ya sauti yake ya pili na ya tatu, lile linalofanya watu waseme "hii ya Kiarabu hii". Mwaka 1932 wanamuziki na wataalamu walikutana Cairo kuzijadili ngazi hizi, na hata wazo la kuigawa oktavu (kutoka do hadi do inayofuata) katika robo 24 zilizo sawa lilileta ubishi, kwa kuwa mpiga udi hachezi robo ya vitabuni, anacheza ile aliyoirithi sikioni. Kwa hiyo usihangaike na vipimo. Imba sauti ile mpaka koo lako lilingane na udi.

Kisha yapime maneno, maana taarab ni shairi kabla ya kuwa tuni. Nitatunga mistari miwili hapa kwa ajili ya mfano:

Nimengoja mlangoni, hata taa imezima,
Jina lako mdomoni, na macho yakitazama.

Kila kipande kina mizani nane. Kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "ma". Sasa, unaposikiliza wimbo wa kweli, weka alama mbili kwenye ramani yako: kina kinapotua, na sauti inapotua nyumbani. Mara nyingi kwenye kina cha kati tuni hubaki juu, haijatulia, na kwenye kina cha mwisho vyote viwili hushuka pamoja. Mwimbaji hodari huvitenganisha kwa makusudi: maneno yameisha, lakini sauti bado inazunguka juu ya kituo, na ukumbi unaanza kuguna. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, aliimba kwa Kiswahili juu ya msingi huo, na rekodi zake zinafaa sana kwa zoezi hili kwa kuwa vyombo ni vichache na kila herufi inasikika.

*Amadinda ya Buganda.* Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inavunja dhana ya kwamba tuni lazima iwe na mtu anayeipiga. Amadinda ni marimba ya mbao 12 na wapigaji watatu, nayo hutumia sauti tano zilizoachana kwa nafasi zinazokaribiana. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, na kila mmoja hupiga tuni yake kwa mapigo sawa, ila pigo la mmoja huangukia katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake.

Mtafute mwenzako mjaribu. Huu si wimbo wa Kiganda, ni mfano nilioutengeneza. Sauti ni 1 hadi 5, ya chini hadi ya juu. Wewe imba 5, 1, 4, 1, ukirudia bila kukoma. Mwenzako aimbe 2, 5, 1, 4, akijaza mapengo yako. Pamoja inatoka:

5 2 1 5 4 1 1 4

Sikio halisikii mfuatano huo kama ulivyoandikwa. Linazikusanya sauti za juu upande mmoja na za chini upande wa pili. Juu unasikia 5, kimya, 5-4, kimya, 4. Hakuna kati yenu aliyeimba tuni hiyo. Imezaliwa katikati yenu. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik, aliyejifunza marimba haya Uganda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, alilieleza jambo hili kwenye maandishi ya mwaka 1962. Waganda wenyewe walishalijua, maana mpigaji wa tatu, omukoonezi, kazi yake ni hiyo hasa: huzisikiliza sauti mbili za chini kabisa zinapojitokeza ndani ya msuko, hapa ni 2, 1, 1, 1, na kuzirudia juu, oktavu mbili zaidi.

Ukiuliza "nyumbani ni wapi?" kwa amadinda, utapata jibu dhaifu, maana mzunguko hauna mwisho wa kufikia. Uliza hivi: nasikia tuni gani ambayo hakuna anayeipiga? Imba unayoisikia, mwombe rafiki aimbe yake, mlinganishe. Zikitofautiana, nyote mko sahihi, na hilo liandikwe kwenye uchambuzi.

*Dansi na rumba ya Kongo.* Wimbo una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, yenye hadithi na sauti za kupokezana. Ya pili ni sebene, ambayo huku Tanzania tuliiita chemko. Ukichambua sebene kwa kordi utapata mzunguko mfupi kama I, IV, V, IV unaorudiwa dakika nne, na utadhani hakuna kinachotokea. Rudi uchore mistari minne, mmoja kwa kila gita: solo, mi-solo (lililo kati ya solo na rithimu), rithimu, besi. Sikiliza chombo kimoja tu kwa kila mzunguko wa kusikiliza, uweke alama kinapobadilisha kirai chake, yaani kipande kifupi cha tuni kinachorudiwa. Utakuta rithimu halibadiliki karibu kabisa, mi-solo hubadilika mara chache, na solo hushikilia kirai kimoja mpaka usikie kama kinakuchosha, halafu kinageuka, mara nyingi papo hapo ambapo atalaku, mchangamshaji wa bendi, anapiga ukelele na ngoma zinaongeza moto. Subira hapa ni urudiaji wenyewe. Kufika ni kile kirai kipya. Ndiyo maana rekodi iliyokatwa sebene ili itoshe redioni huwa inanisikitisha: wamekata mlango na kutubakizia ua.

*Bluzi ya Marekani* nitaipita haraka kwa kuwa ramani yake iko wazi: vipimo 12 (kila kimoja mapigo manne), vinne vya I, viwili vya IV, viwili vya I, kisha V, IV, na viwili vya I. Mshairi husema mstari, anaurudia, kisha anaujibu, na jibu huanza pale V inapoingia. Cha kuchunguza ni sauti ya tatu ya mwimbaji, nayo inakaa kati ya mi mbili. Kumbuka mzee wa Unguja. Mi ile si Rast, historia zao ni tofauti, lakini karatasi ya namba za Kirumi inazikosa zote mbili kwa namna ileile.

*Schoenberg na wenzake.* Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1920 Arnold Schoenberg, mtunzi wa Vienna, alitunga kwa kupanga sauti zote 12 za oktavu katika mfuatano ambao hakuna hata moja inayopewa enzi juu ya nyingine. Nyumbani pameondolewa kwa makusudi, hivyo usipatafute. Fuata mfuatano, na usikilize nguvu, ukimya na rangi ya vyombo.

*Bongo Fleva, hip hop na singeli.* Muziki wa kompyuta hujengwa kwa tabaka. Programu ya bure kama Audacity itakuonyesha picha ya sauti, na utaona wapi besi imeondolewa na wapi imerudishwa. Mara nyingi kusubiri ni besi kutoweka kwa vipimo viwili kabla ya kiitikio. Kwa singeli, inayopita mapigo 200 kwa dakika, punguza kasi kwa nusu kwanza. Mara nyingi chini ya kasi ile utakuta kipande cha taarab au mchiriku unachokifahamu, na hapo uchambuzi wako wa taarab utakufaa tena.

Hatua ya 6: Andika sentensi moja, kisha ijaribu

Funga kazi kwa sentensi yenye sehemu mbili: wimbo huu unasubirisha kwa nini, na unafikisha kwa nini. Usiandike "ni mzuri" wala "una hisia". Kisha ijaribu kwa kuondoa. Kama umesema siri ni klave, piga wimbo bila klave. Kama umesema ni ti inayopanda, imba mstari ukiiruka ti. Wimbo ukibaki salama, sentensi yako ina kasoro, rudi Hatua ya 5 ubadilishe chombo.

Ukurasa wangu wa Unguja niliuandika upya hivi: "Wimbo huu unasubirisha kwa kukaa juu ya sauti ya tatu ya Rast, na haushuki nyumbani mpaka kina cha mwisho kimetamkwa." Nikakaa kwenye kinanda cha kawaida nikaupiga wote, nikiweka mi kamili mahali pa sauti ile. Maneno yalikuwepo na mdundo ulikuwepo. Nilifika kwenye kina cha mwisho, vidole vikashuka nyumbani, nisihisi kwamba nimefika popote. Sentensi nikaiacha kama ilivyo.